Uyoga wa Mamama Unapogoma Tabora: Kosa ni la Banda au la Mbegu?

Mkulima wa uyoga wa mamama akiona mifuko yake imegoma, jambo la kwanza analolitamka ni kwamba ameuziwa mbegu mbovu, na muuza mbegu akipigiwa simu hujibu kwamba banda halikutunzwa. Mabishano ya namna hiyo hayaamuliwi kwa maneno. Mwongozo huu, ulioandikwa kwa kuzingatia hali ya hewa ya Tabora, unataka swali moja litangulie mengine yote: je, dalili imeonekana kwenye mifuko ya mbegu moja tu, au imeonekana bandani kote bila kujali mbegu ilitoka wapi? Tatizo la banda, yaani joto, unyevu, hewa na mwanga, huipata mifuko yote iliyokaa mahali pamoja. Tatizo la mbegu, yaani punje za nafaka zilizooteshwa uyoga na kuuzwa kwenye chupa, huifuata chupa yake popote ilipopelekwa.

Ili swali hilo lijibike, sharti kila mfuko uwe umeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe ya kupanda, chanzo cha mbegu na namba ya chupa, na sharti pia bandani mwako kuwe na mbegu ya pili kutoka chanzo kingine, hata kama ni mifuko michache tu ya kulinganishia. Mwenye mbegu ya aina moja tu hana cha kulinganisha nayo, na kila atakalosema litakuwa la kukisia.

Ieleweke vilevile kwamba uyoga wa mamama si uyoga mmoja. Ni jamii ya Pleurotus yenye spishi kadhaa, na ndani ya kila spishi zimo nasaba nyingi zinazotofautiana kwa vinasaba, jinsi mbegu za mahindi zinavyotofautiana. Pleurotus ostreatus hupenda ubaridi, Pleurotus pulmonarius huvumilia joto la wastani, Pleurotus citrinopileatus wenye rangi ya njano na Pleurotus djamor wenye rangi ya waridi huzaa hata hewa ikiwa ya moto. Muuzaji akikuambia tu kwamba anauza "mamama nyeupe" bado hajakuambia jambo unalolihitaji.

Punje za mbegu hazitoi utando

Siku ya tatu au ya nne tangu kupanda, punje ya mtama iliyo hai huwa imezungukwa na nyuzi fupi nyeupe, ndio utando wenyewe, zinazoanza kushika majani ya mpunga au mabua yaliyo jirani. Punje zikibaki tupu hadi mwisho wa wiki ya kwanza, sababu ni mojawapo ya tatu: mbegu ilifika ikiwa imekufa, mbegu iliuawa wakati wa kupanda, au mali ghafi, yaani majani au mabua yaliyojazwa mfukoni, imekataa kupokea utando.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kwetu kwa kuwa chupa husafiri mbali. Utando wa mamama hukua vizuri kwenye nyuzi joto 24 hadi 28 za Selsiasi, huanza kuteseka joto likizidi nyuzi 32 au 35, na ukikaa muda mrefu kwenye nyuzi 40 au zaidi huweza kufa. Chupa iliyosafirishwa mchana kutwa kwenye buti la basi mwezi wa Oktoba inaweza kufika Tabora ikiwa bado nyeupe na ya kupendeza, kumbe ndani hakuna uhai. Kabla ya kupanda, chukua kipande cha boksi, kichemshe, kikamue, kiweke ndani ya kopo safi lenye mfuniko, kisha weka juu yake punje chache. Mbegu hai huanza kushika boksi ndani ya siku tatu hivi. Ningeshauri kila mkulima afanye hivyo kwa kila chupa, kwa maana gharama yake ni boksi la kutupwa.

Sababu ya pili ni haraka. Mali ghafi iliyotoka kwenye pipa la kuchemshia huonekana imepoa kwa nje huku katikati ya rundo ikiwa bado moto, na anayepanda kabla kipimajoto hakijashuka chini ya nyuzi 30 anaichemsha mbegu yake mwenyewe.

Sababu ya tatu hujulikana kwa mkono. Kamua konzi ya mali ghafi kwa nguvu: matone machache yakitoka katikati ya vidole, unyevu unafaa; maji yakichuruzika, utando utakosa hewa na bakteria watachukua nafasi; kusipotoka kitu, utando utaishia njiani. Mabua ya tumbaku, ambayo Urambo na Sikonge hayana mtu wa kuyagombania, yasitumiwe kwa sababu yana nikotini na huenda yamebaki na viuatilifu vya shambani.

Mfuko una rangi isiyo nyeupe

Kuvu ya kijani, Trichoderma, huanza ikiwa nyeupe na hubadilika rangi baada ya siku chache, na ndiyo maana wengi hudhani ilizuka ghafla. Kuiona tu hakutoshi. Tazama imeanzia wapi. Ikizunguka punje za mbegu, chupa ilikuja nayo, na utaikuta kwenye kila mfuko uliopandwa kwa chupa hiyo. Ikitawanyika ovyo ndani ya majani, mbali na punje, uchemshaji haukufika. Ikishika mdomo wa mfuko au matundu uliyotoboa, iliingia baadaye kwa mikono, vumbi au vijinzi, yaani nzi wadogo. Kwa hiyo mifuko ya kijani isitupwe kabla haijachunguzwa, ila itolewe nje ya chumba kwanza, halafu ichanwe mbali na banda, upande ambao upepo hauurudishi unga wake mlangoni.

Pumba za mpunga huongeza lishe ya mamama, lakini kuvu nazo hulishwa vilevile, na mkulima anayechemshia kwenye pipa tu hapaswi kuzidisha pumba kupita asilimia 5 ya mali ghafi kavu. Kuvu ya rangi ya chungwa, Neurospora, hukua kwa kasi ya kutisha na hutoa unga mwingi. Funika mfuko kwa kitambaa kilicholowa kabla hujaugusa, kisha ukachome. Ukiona uyoga mwembamba wenye kofia inayoyeyuka na kuwa wino mweusi, ni dalili kwamba mali ghafi ilikuwa na nitrojeni nyingi au ililowa mno. Usiuchume kwa kula, kwa sababu hukuupanda.

Kuna hali moja ambayo huchanganywa na ukungu ingawa si ukungu. Mfuko kwa nje ni mweupe, ila ukiukata katikati kwa kisu unakuta kiini chenye rangi ya kahawia, kimelowa, kinanuka uchachu, na mpaka kati ya weupe na kahawia umejichora kama duara. Utando unapokua hupumua na kutoa joto, kwa hiyo katikati ya mfuko huwa na joto zaidi ya chumba kwa nyuzi kadhaa, na mifuko ikirundikwa chini ya paa la bati mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati joto la mchana Tabora hufika nyuzi 32 hivi, kiini huvuka mpaka wa uhai wakati ngozi ya nje inaendelea kupona. Panga mifuko kwenye kichanja ikiachana kwa upana wa kiganja, tumia mifuko myembamba wakati wa joto, na weka nyasi au makuti juu ya bati.

Mfuko umekuwa mweupe wote lakini hauzai

Hili ndilo lalamiko ambalo mbegu husingiziwa zaidi, na kwa upande mmoja kwa haki. Chukua mkulima aliyepanda nasaba ya baridi ya Pleurotus ostreatus mwezi wa Mei. Usiku wa Juni na Julai Tabora hushuka hadi karibu nyuzi 15, na uyoga huo, ambao hutaka nyuzi 10 hadi 20 ili uzae, humpa mkupuo wa kwanza, yaani zao la kwanza la mfuko, wa kupendeza. Mwezi wa Septemba anapanda mbegu ileile, kwa mikono ileile, mifuko inakuwa meupe kwa wakati, kisha inakaa. Mbegu si mbovu na banda halijaharibika, bali nasaba na msimu havikukutana. Kumwagia maji zaidi hakutasaidia, na mara nyingi huozesha mfuko ambao ungeweza kusubiri.

Dawa yake ni kubadili nasaba kabla ya kubadili banda. Kuanzia Septemba hadi mvua zitakapokolea, agiza Pleurotus pulmonarius, ambao huzaa kati ya nyuzi 20 na 28, au djamor ikiwa chumba chako hakishuki chini ya hapo. Nasaba za baridi ziwekee mifuko itakayozaa Juni hadi Agosti. Mtu wa Kigoma asiufuate mpango huu neno kwa neno. Mji wa Kigoma uko chini zaidi, kando ya Ziwa Tanganyika, na usiku wake haupoi kama wa Tabora, ilhali Kasulu na Kibondo ziko juu na zina ubaridi unaozifaa nasaba ambazo zingegoma ziwani.

Nasaba ikiwa ni ya msimu na bado hakuna kitu, ndipo uliangalie banda. Utando hauhitaji mwanga wakati wa kusambaa, lakini mamama haichomozi vizuri bila mwanga. Uwepo mwanga wa kumwezesha mtu kusoma gazeti bila kukodoa macho. Unyevu wa hewa uwe asilimia 80 hadi 95. Kwa jambo hili kiangazi cha Tabora kina neema yake iliyojificha: hewa ikiwa kavu, magunia yaliyoloweshwa na sakafu ya mchanga yenye maji hupoza banda kwa nyuzi kadhaa yanapokauka, kwa hiyo maji yaleyale yanaleta unyevu na ubaridi kwa pamoja. Mvua za Novemba zikianza na hewa ikajaa unyevu, magunia hayo hayapozi tena, na anayeendelea kumwaga maji kwa mazoea anakaribisha madoa na vijinzi.

Shina refu, kofia ndogo

Uyoga wenye shina jembamba na kofia kama kitufe, au uliosongamana kama koliflawa bila kutoa kofia, unalia kwa kukosa hewa. Hewa ukaa inayotolewa na utando hujaa chumbani, na mamama hurefusha shina kutafuta mahali pa wazi. Dalili hii hutokea sana katika chumba kilichojengwa ili kisivuje hewa, na mtu anayegeuza bani la zamani la kukaushia tumbaku kuwa banda la uyoga lazima akumbuke kwamba bani lilikusudiwa kutunza joto: afungue matundu chini karibu na sakafu na mengine juu chini ya paa, yote yafunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo. Moshi wa jiko au wa bani jirani nao huharibu umbo la uyoga.

Ikiwa mifuko yote imerefuka mashina, fungua matundu na subiri mkupuo unaofuata. Ikiwa ni ya mbegu moja tu na jirani zake wana kofia pana, soma sehemu ya mbegu iliyochoka hapa chini.

Vichanga vinakauka, kofia zina madoa, funza wameingia

Vichanga, yaani vile vichwa vidogo kama vya njiti, vikikauka na kuwa vya njano, upepo mkavu umevipiga au unyevu umeshuka ghafla. Nyunyizia kuta na sakafu mara tatu au nne kwa siku, na kichanga kisipigwe na maji moja kwa moja. Madoa ya kahawia yanayoteleza ni kazi ya bakteria Pseudomonas tolaasii, ambaye hustawi pale maji yanapobaki juu ya kofia kwa saa nyingi. Acha kofia zikauke baada ya kila unyunyiziaji. Funza ni watoto wa vijinzi, na vijinzi huzuiwa kwa chandarua, kwa kuvuna kabla kingo za kofia hazijajikunja kwenda juu, na kwa kuondoa mifuko iliyochoka. Viuatilifu visipulizwe kwenye uyoga wa kuliwa.

Mavuno yanashuka kila unapozalisha mbegu mpya

Mkulima mwenye bidii hununua chupa moja, huihamishia punje kwenye chupa kumi, na kumi kwenye mia, kisha baada ya vizazi kadhaa huona utando unatambaa polepole, sehemu nyingine za chupa zina manyoya kama pamba na nyingine zimelala bapa, mkupuo wa kwanza unachelewa, na kofia zinakuwa chache zenye umbo baya. Watu husema mbegu imechoka, na kauli hiyo ni sahihi kuliko inavyodhaniwa.

Kila seli ya utando unaozaa ina viini viwili vya vinasaba, kimoja kutoka kwa kila mzazi, na viwili hivyo hugawanyika pamoja kila utando unapokua. Kadiri unavyohamisha, makosa madogo ya kunakili vinasaba hulimbikizana. Sehemu ya utando inayokimbia bila kujiandaa kuzaa huishinda ile inayozaa. Na virusi, ambavyo kwa mamama vinajulikana kuleta mifuko inayozaa kidogo au kutozaa kabisa, hurithishwa chupa hadi chupa bila kuonekana. Hakuna chokaa wala maji yatakayotibu haya.

Kipimo chake ni kupanda mbegu ya kizazi chako cha mwisho sambamba na mbegu mpya iliyotoka kwenye utando mama wa maabara, nasaba ileile, siku ileile, mali ghafi ileile. Mpya ikizaa na yako ikagoma, shauri limekwisha. Usihamishe punje kupita vizazi viwili au vitatu kutoka utando mama, na utando mama wenyewe utunzwe kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi ili usikue bure, isipokuwa ule wa djamor, ambao hauvumilii ubaridi wa friji na hufa humo.

Wapo wanaokata kipande cha nyama ya ndani ya kofia na kukiotesha upya wakidhani wanapata mbegu changa. Wanachopata ni nakala ya uyoga uleule, pamoja na virusi vyake ikiwa unavyo. Kama ni lazima, kata kutoka kwenye mkupuo wa kwanza wa mfuko bora, wala si kutoka kwenye mabaki ya sokoni. Kuotesha spora, yaani chembe ndogo za uzazi zinazodondoka kutoka chini ya kofia, ni jambo jingine kabisa: spora za uyoga mmoja wa mamama zimegawanyika katika makundi manne ya kupandana, na kati ya jozi zote unazoweza kuzikutanisha ni robo tu zinazokubaliana. Kila jozi inayofaulu ni nasaba mpya, ambayo yaweza kuwa bora au duni kuliko mzazi. Hiyo ni kazi njema ya mtafiti mwenye subira na chumba safi, na si njia ya kupata mbegu ya kuuza mwezi ujao. Mavuno yenye spora nyingi yafanywe mapema na kwa barakoa, kwa sababu vumbi la spora huwaletea baadhi ya watu ugonjwa wa mapafu.

Mbegu za majina mawili zinazaa na kufa pamoja

Huenda umefuata ushauri wa kununua vyanzo viwili, na bado joto la Oktoba limeangusha vyote siku moja. Chunguza kama kweli ni viwili. Chukua mfuko mmoja unaoonekana ndani, panda mbegu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, uache zikutane. Nasaba mbili tofauti zikigusana hukataana, na pale zinapokutana pataonekana mstari, wakati mwingine wa weupe ulioinuka na wakati mwingine wenye rangi hafifu ya kahawia, unaokata mfuko kuanzia juu hadi chini. Zikiungana bila mstari wowote, kuna uwezekano mkubwa kwamba umenunua nasaba moja yenye majina mawili. Nasaba za mamama hupita mikono mingi duniani na kubatizwa upya kila nchi, kwa hiyo jina lililo kwenye chupa si ushahidi.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana kwenye uyoga wa kizungu, Agaricus bisporus. Nasaba chotara zilizotolewa Horst, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilienea kiasi kwamba nyingi kati ya nasaba nyeupe zinazolimwa leo duniani ni nakala zake au karibu sawa nazo. Ugonjwa unaoiweza mojawapo hauna sababu ya kusita kwenye nyingine. Tabora hatuna mashamba makubwa ya namna hiyo, lakini kijiji chenye mabanda matano yanayonunua kutoka chupa mama moja kimejiweka katika hali hiyohiyo, na nafuu yake ni ya bei ndogo: wakulima wakubaliane kila mmoja atunze nasaba yake, iliyothibitishwa kwa mstari.

Uyoga wa porini haukubali mfuko

Masika yakifika, uyoga wa miomboni hujaa kandokando ya barabara, na kila mwaka hujitokeza mtu anayetaka kuupanda. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti iliyo hai, na ule mkubwa wa kwenye vichuguu hulelewa na mchwa. Aina zote mbili hazitazaa kwenye majani ya mpunga hata mbegu iwe safi namna gani. Unaoweza kukubali ni ule unaoota juu ya magogo yaliyokufa, ikiwemo jamaa ya mamama. Pleurotus flabellatus wa asili ya Tanzania umeshaoteshwa kwenye masalia ya mkonge katika utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nasaba za namna hiyo, zilizozoea joto letu, zina thamani kuliko chupa nyingi zinazotoka mbali. Anayekutana nao asiuonje wala kuugawa kabla haujatambuliwa na mtaalamu, kwa kuwa msitu uleule una uyoga unaoua. Achukue uyoga mzima pamoja na kipande cha gogo, aufunge kwenye karatasi na si nailoni, aandike mahali, tarehe na aina ya mti, na aufikishe maabara ndani ya siku moja au mbili ukiwa haujaanza kuoza.